Mada Kubwa ni Maficho

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari wanaojiandaa kwa shindano la hotuba, Morogoro. Nimeyaandika baada ya kuyatoa, nikaondoa pale nilipojirudia.)

Marahaba, marahaba. Kaeni, jamani. Na nyie wa mlangoni sogeeni, viti vya mbele vitupu na mimi sina fimbo, nilishastaafu.

Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wanafunzi: itifaki imezingatiwa. Mmeona ilivyokwisha haraka? Nitaeleza baadaye kwa nini.

Mwalimu wenu wa klabu aliponipigia simu aliniambia, "Mwalimu, njoo utuzungumzie hotuba." Nikamwuliza, hotuba kwa upande gani? Akasema, "Hotuba tu, kwa ujumla." Nikamwambia kwa ujumla siji. Tukavutana kidogo, mwisho tukapatana nizungumze jambo moja: namna ya kuchagua mada na kuichonga mpaka ienee mdomoni. Kwa hiyo leo hamtasikia habari za sauti, wala za kusimama wima, wala mikono iwekwe wapi. Hayo mengine mtafundishwa na walimu wenu, na yaliyobaki mtafundishwa na aibu.

Nilitumiwa karatasi zenu mapema. Zipo 23. Nazisoma bila majina: "Utunzaji wa mazingira." "Vijana na ajira." "Rushwa." "Athari za utandawazi." "Maendeleo ya sayansi na teknolojia." "Umuhimu wa elimu." "Umuhimu wa elimu." "Umuhimu wa elimu." Na hii hapa, yenye mwandiko mzuri kuliko zote, "Umuhimu wa elimu katika maisha ya binadamu." Huyu alihofia tusije tukadhani anazungumzia elimu ya ng'ombe.

Chekeni, lakini mimi siwacheki. Mwaka wangu wa tatu kazini niliombwa nizungumze kwenye mahafali ya kidato cha nne, shule ambayo sitaitaja. Nikapewa dakika 10. Mada niliichagua mwenyewe: umuhimu wa elimu. Nilianzia jando na unyago, nikapita kwa wamisionari, nikaingia Elimu ya Kujitegemea ya 1967, nikakaa kidogo kwenye Azimio la Musoma la 1974, nikaja mpaka kwenye kompyuta, ambazo wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nimeziona mara mbili. Nilipomaliza zilikuwa zimepita dakika 38. Pilau limepoa, watoto wamelala mapajani mwa mama zao, na mshehereshaji alikuwa amesimama nyuma yangu kama mtu anayesubiri choo. Nikishuka jukwaani mzee mmoja mzazi akanishika mkono, akaniambia kwa upole kabisa: "Mwalimu, leo umetutembeza sana. Ila mimi hapa nilikuwa na mtoto mmoja tu."

Nilidhani amenisifu. Nilimwelewa nikiwa kwenye daladala, njia nzima.

Mzee yule alikuja kusikia neno moja kuhusu mtoto wake anayetoka shule keshokutwa na hajui anaenda wapi. Mimi nikampa historia ya elimu. Na nikiwa mkweli, sikumpa historia ile kwa sababu niliona inamfaa. Nilimpa kwa sababu niliogopa. Mada kubwa ni maficho. Ukisema "mazingira ni muhimu" nani atasimama akubishie? Nani atasema hapana, mazingira ni takataka tu? Umo salama, umejichanganya kwenye umati, hakuna anayeiona sura yako. Ndiyo maana tunazipenda mada hizi, na ndiyo maana mtu anayezisikiliza huanza kuhesabu feni za ukumbi.

Kwa hiyo swali langu la kwanza, ambalo nawauliza wanafunzi wote wanaoniletea mada, ni hili: humu ndani nani atakupinga? Nionyeshe mtu. Kama hayupo, bado hujachagua mada. Umechagua kichwa cha sura kwenye kitabu cha Uraia.

Najua mtasema kwenye midahalo tunapingana kila wiki. Kweli. "Mwalimu ni bora kuliko daktari." Mada hii niliikuta shuleni nikiwa mwanafunzi, nikaifundisha nikiwa mwalimu, na juzi mjukuu wangu amenijia nayo. Pande zote mbili zinapiga kelele, hakuna anayetoka na wazo jipya, na jioni daktari na mwalimu wote wanasubiri mshahara tarehe ileile. Kupigiana kelele ni jambo moja, kupingwa kwa hoja ni jambo lingine. Mimi nataka mtu akae kwenye kiti chake aseme moyoni, "Aa, hapo hapana, mimi hilo silikubali," kisha akusikilize mpaka mwisho aone unavyotoka.

Sasa niwape kisa, na nitakaa hapa muda mrefu, maana somo lote limo humu.

Miaka michache nyuma nilikuwa namsaidia binti mmoja wa kidato cha tano. Kisa nakisimulia kwa ruhusa yake, jina nimeliacha. Alikuja na karatasi imeandikwa "Ajali za barabarani." Nikamwuliza kwa nini hiyo. Akasema ni tatizo kubwa. Nikamwambia hata njaa ni tatizo kubwa. Akanyamaza.

Nikamwuliza, "Shule unakuja na nini?"

"Bodaboda, Mwalimu."

"Leo umevaa helmeti?"

Akacheka. "Hapana."

"Dereva hana?"

"Anayo. Kaitundika kwenye usukani."

"Sasa mbona hukuvaa?"

Akaangalia chini, akazungukazunguka na maneno, mwisho akasema kwa sauti ya mtu anayekiri kosa: "Inanuka, Mwalimu."

Hapo ndipo hotuba yake ilipozaliwa, na yeye hakujua. Alidhani ametoa neno la mtaani lisilofaa kwenye hotuba. Mimi nilitaka kurukaruka. Tatizo kubwa la barabarani, ambalo lina makongamano na mabango na wiki yake ya nenda kwa usalama, lilikuwa limeingia puani mwa mtu mmoja. Pale ndipo pa kuanzia.

Tukaanza kutupa, na kutupa ndiyo kazi yenyewe. Kwanza tukatupa mabasi. Alikuwa amenakili takwimu za mabasi ukurasa mzima na zilimuuma sana, lakini tukazitupa. Tukatupa malori, tukatupa ubovu wa barabara, tukatupa trafiki na rushwa yao inayosemwa. Zikabaki bodaboda. Bodaboda nazo ni nyingi mno: mwendo kasi, leseni, mishikaki ya abiria watatu. Tukatupa. Ikabaki helmeti. Nikamwambia bado, helmeti ni mbili. Ya dereva ni yake, anaijua harufu yake mwenyewe, wala haimkeri. Ya abiria haina mwenyewe. Asubuhi imevaliwa na muuza samaki, saa nne na mgonjwa anayekwenda hospitali, saa saba jua kali imevaliwa na fundi ujenzi, na saa kumi unapewa wewe. Basi tukaichukua hiyo ya pili, tukaiacha ya kwanza iende.

Angalieni tulikofika. Kutoka "Ajali za barabarani" mpaka "Helmeti ya abiria." Mtu atasema mada imekuwa ndogo. Mimi nasema sasa ndiyo imeanza kuwa na upana, maana kila mtu kwenye ukumbi ule alishawahi kuishika helmeti ile, akaikunjia uso, akairudisha.

Nikamtuma Msamvu, kwenye kijiwe, na daftari na maswali mawili: helmeti ya abiria huisafisha lini? Na leo ni abiria wangapi wameivaa? Aliongea na madereva tisa. Mmoja alimcheka. Mmoja alisema huianika juani Jumapili. Wawili walisema abiria huivaa wakiona trafiki mbele, wakishapita wanaivua. Wa tisa, mtu mzima kidogo, akafungua mfuko ulio chini ya kiti akamwonyesha vitambaa vilivyokatwa kutoka kanga kuukuu. Abiria hupewa kitambaa kisafi, anajifunga kichwani, anavaa helmeti juu yake. Jioni vitambaa vinarudi nyumbani kufuliwa. Akamwambia, "Mimi abiria wangu hawanisumbui."

Ona sasa. Angebaki na "Ajali za barabarani" asingemwona mtu huyu. Angekaa kwenye meza akaandika "serikali ichukue hatua madhubuti." Nimesikia hotuba nyingi sana zinazoishia kwenye hatua madhubuti. Mada ikishakuwa nyembamba hukuinua kwenye kiti, hukutuma mahali, hukukutanisha na mtu. Ile kubwa hukuacha umekaa, kwa sababu maneno ya kusema kwa ujumla tayari unayo kichwani tangu darasa la tano.

Takwimu nilimruhusu moja tu. Alichagua hii: utafiti uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali ulikadiria kwamba kuvaa helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa mwendesha pikipiki kwa kiasi cha asilimia 69. Moja inakaa kichwani. Zikiwa sita, ya saba ni usingizi.

Jambo la mwisho lilikuwa mwanzo wa hotuba. Binti alitaka kuanza kwa kishindo, na kishindo alichokifikiria kilikuwa ule moto wa lori la mafuta pale Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019. Mnaujua. Wengine mnaujua kuliko mimi. Watu zaidi ya mia walipotea, na vijana wa bodaboda walikuwa wengi miongoni mwao. Nikamwuliza swali moja: siku hiyo ukumbini atakaa nani? Akafikiri. Akalikunja karatasi akaliweka mfukoni, hatukulizungumza tena. Hadhira siyo idadi ya viti. Ni watu wenye nyumba zao na makaburi yao. Msiba wa mji huu unaweza kuwa mada, na mzito, lakini ukiuchagua uuchague kwa ajili yake wenyewe, ukae nao. Usiutumie kama filimbi ya kuamshia watu ili baadaye uwaeleze kuhusu vitambaa.

Kabla ya kuandika hata sentensi moja nilimpa mtihani ninaoupenda. Mnafanya ushairi, si ndiyo? Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule. Nikamwambia: hoja yako iingize kwenye mshororo mmoja. Ikikataa kuingia, bado imenenepa. Alihangaika siku mbili. Siku ya tatu akaja na hii:

Si kofia twakataa, twakataa jasho lake.

Hesabuni. Nane kwa nane. Na hebu tazameni imebeba nini: inampinga mtu, maana wakubwa wote husema abiria ni wakaidi, hawajali maisha yao, wapewe elimu. Yeye anasema siyo ukaidi, ni jasho. Msiwape elimu, wapeni kitambaa. Hapo ukumbi mzima una la kusema.

Matokeo? Sitawadanganya. Alikuwa wa pili. Wa kwanza alizungumzia utandawazi kwa sauti ya radi, na majaji nao ni binadamu. Lakini jioni tukitoka nikawakuta bodaboda wawili nje ya geti wanabishana. Mmoja anasema vitambaa ni wazo zuri. Mwenzake anamwambia, "Wataondoka navyo, wewe! Watu wanaiba mpaka vikombe vya msibani!" Nikasimama nikajifanya natafuta simu mfukoni, ili niwasikilize vizuri.

Tuendelee haraka kidogo, saa inakwenda.

Muda. Mna dakika 7. Mimi nikizungumza bila kukimbia hutoa maneno kama 100 kwa dakika. Kiswahili maneno yake marefu: "hatutawasahau" ni neno moja lakini limebeba sentensi nzima. Kwa hiyo mna maneno 700, na hayo 700 yana wezi. Mwizi wa kwanza ni salamu. Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mkuu wa shule, makamu, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi, wageni waalikwa, dakika imekwisha hiyo. Ndiyo maana tukabuniwa msamaha huu wa "itifaki imezingatiwa." Utumieni. Mwizi wa pili ni maana ya neno: "Elimu ni nini? Elimu ni…" Watu wazima wamekaa mbele yako, wanajua elimu ni nini, wamelipa ada. Ukiwatoa wezi hao una dakika 5 na kitu. Ndani ya dakika 5 huwezi kuokoa mazingira ya dunia, ila unaweza kumfanya mtu aitazame helmeti kwa jicho lingine. Wenzetu Waislamu mnayo hadithi inayofundishwa misikitini, kwamba mtu kurefusha swala yake na kufupisha hotuba yake ni alama ya uelewa wake. Maneno mazito hayo, hasa kwa sisi tuliowahi kupoza pilau la watu.

Mtaniuliza: na kama mada nimepewa? Mara nyingi mtapewa. Mtaitwa kwenye sherehe mwambiwe "zungumza kuhusu vijana na maendeleo ya taifa," na aliyekupa hakufikiria hata dakika moja, alijaza nafasi kwenye ratiba. Usigombane naye. Chukua mada yake kama unavyopokea kanga ya zawadi. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo na mji vimeshachapwa, huwezi kuvibadili. Lakini mama zenu dukani hawanunui kanga kabla ya kulisoma jina, hata kama maua yake yamewakonyeza vipi. Kanga nzima, nguo ya kumfunika mtu mzima, inanunuliwa au inaachwa kwa mstari mmoja wa maneno. Wao wamekupa pindo na mji. Jina liandike mwenyewe.

Nilishawahi kumwona kijana akifanya hivyo vizuri sana. Alipewa "Usafiri wa reli na uchumi wa nchi yetu." Wengine wangeanza na Wajerumani. Yeye alisimama, akanyoosha mkono, akabananisha vidole vyake vinne, akasema: "Waheshimiwa, nimekuja kuzungumzia upana huu." Kimya. Kisha akaeleza. Reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma. Reli yetu ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, haifiki hata upana wa vidole vyake vinne. Na kwa sababu ya upana huo behewa lililotoka Zambia likifika Kidatu, hapa hapa mkoani kwetu, ambapo njia hizo mbili zinakutana, haliwezi kuendelea. Mzigo lazima utolewe kwenye behewa hili upandishwe kwenye lingine. Kila gunia, kila tani, kwa ajili ya vidole vinne.

Halafu akasema jambo lililowafanya wazee wawili mbele yangu wageukiane: kwamba tunapojenga reli mpya ya milimita 1,435 tunapata mwendo, na tunapata pia Kidatu nyingine. Mmoja wa wazee akanong'ona, "Huyu mtoto hajui gharama za kubaki na ya zamani." Mwenzake akamjibu, "Lakini swali lake ni la haki." Mimi hapo sijui nani alikuwa sahihi, na kwa kusudi letu la leo haijalishi. Reli nzima, uchumi mzima, viliingia kwa mlango wa milimita 67.

Ni lazima niwaonye upande wa pili pia. Kuna kupunguza mpaka kitu kikafa. Nilikuwa na mwanafunzi mpenda injini. Alianza na "Matengenezo ya pikipiki," akashuka kwenye mfumo wa umeme, akashuka kwenye plagi, akashuka mpaka kwenye nafasi iliyo kwenye ncha ya plagi, na hapo akajenga kambi. Dakika 7 za ncha ya plagi. Ilikuwa sahihi yote, fundi angelipia. Lakini ukumbini kulikuwa na wazazi, na nyuso zao zilikuwa zinauliza, "Kwa hiyo?" Tofauti yake na yule wa reli siyo udogo, maana vidole vinne na ncha ya plagi vyote ni vidogo. Wa reli alituonyesha mzigo wetu unaokwama. Wa plagi hakutuonyesha cha kwetu. Angetuambia kwa nini pikipiki ya baba inazimika kila asubuhi ya baridi watoto wakichelewa shule, ningekuwa leo namsifu.

Mtu aliyenifundisha hili kuliko wote sikuwahi kumwona kwa macho, nilisoma hotuba yake tu. Mama Wangari Maathai wa Kenya, alipokwenda Oslo tarehe 10 Desemba 2004 kupokea tuzo ya Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Fikirieni mzigo wa mada aliokuwa nao siku ile. Mazingira, demokrasia, amani, wanawake, Afrika nzima. Na kwa kweli aliyagusa yote, ni hotuba ya heshima, isingewezekana vinginevyo. Alieleza harakati zake za Green Belt zilizoanza 1977 na miti zaidi ya milioni 30 iliyopandwa. Lakini mwishoni, badala ya kupanda juu zaidi kama sisi tunavyofanya, kupaza sauti na kunyoosha kidole, alishuka. Alikwenda kwenye kijito kimoja karibu na nyumbani kwao, alikokuwa akimtekea mama yake maji utotoni. Alikuwa akiyanywa maji yale moja kwa moja. Akicheza kwenye majani ya nduma alijaribu kuokota nyuzi za mayai ya chura akidhani ni shanga, na kila akiziinua zinakatika. Baadaye akaona viluwiluwi wakihangaika ndani ya maji meupe. Kisha akasema kwamba sasa, miaka zaidi ya hamsini baadaye, kijito kile kimekauka, wanawake wanatembea mbali kutafuta maji ambayo si masafi kila mara, na watoto hawatajua kamwe walichopoteza.

Mayai ya chura, jamani! Mbele ya dunia nzima. Wengi wetu tungeona aibu, kama yule binti wa helmeti alivyoona aibu na "inanuka." Tungesema hili la kijijini hili, pale panahitaji maneno ya kimataifa. Yeye akajua kwamba mtu wa Norwei hajawahi kuuona Mlima Kenya lakini aliwahi kuwa mtoto, na aliwahi kuchezea maji.

Na najua kuna mmoja humu anasubiri nimtaje Mwalimu Nyerere na Novemba ya 1978, maana huwezi kuzungumza hotuba nchi hii ukatoka salama bila kuitaja. Haya. Kila mtu anakumbuka uwezo, sababu na nia. Wengi huiga sauti na ule mpangilio wa tatutatu. Mimi nitawaomba mwangalie kitu kingine: alivyoviacha. Idi Amin alikuwa mada ya vitabu. Alikuwa amepindua serikali 1971, amefukuza Waasia 1972, ameua watu wake. Lakini baada ya majeshi yake kuingia Kagera, zilipofika sentensi zile, yote yale yaliwekwa pembeni ikabaki kazi moja, kumpiga. Uwezo ni wa kumpiga, sababu ni ya kumpiga, nia ni ya kumpiga. Tatu zile ni kamba, mbuzi ni mmoja.

Nimebakiwa na dakika 4 na sitazimaliza nikizungumza, nitawapa nyie.

Karatasi zenu 23 nazirudisha. Usiitupe mada yako, hata wewe wa maisha ya binadamu. Igeuze upande wa nyuma. Juu andika jambo moja linalohusu mada hiyo ulilolishika kwa mkono, ukalinusa au ukalilipia wewe mwenyewe, mwaka huu. Kama ni elimu, basi elimu yako: ni ile kuni ya kupikia uji mnayoleta? Ni dawati lenye msumari? Ni kaka yako mwenye digrii anayeuza vocha? Chini yake andika mshororo, nane kwa nane. Na chini kabisa andika atakayekupinga. Jina la mtu si lazima, andika tu ni nani: mzazi, mkuu wa shule, rafiki yako, mimi. Ukiandika "hakuna," unarudi juu, unaanza upya.

Mwalimu, nakuomba uwagawie. Na wewe binti wa dirishani, lifunge hilo, naona wingu limeshuka Uluguru na karatasi zitalowa. Kuna swali kule nyuma? Simama, sema.

"Mwalimu, mimi sikubaliani na wewe kuhusu utandawazi."

Vizuri sana. Njoo mbele hapa, utueleze.